Kipande cha Tatu

Nikisikia mtu akilitamka neno "asili" mbele ya mgeni, huwa nataka kucheka, na kicheko chenyewe si kizuri. Neno hilo nililizoea dukani kwa mjomba wangu, Ndia Kuu, Mombasa, ambako karibu miaka yote ya tisini kazi yangu ilikuwa kuvitungia vitu asili. Kasha lilitoka kwa fundi Jumatatu, mbao bado zanukia randa. Jumanne tulilipaka chai iliyochemka hadi ikawa nyeusi. Jumatano tulilifukia mchangani uani, pale paka wa mtaa walipopachagua kuwa choo chao. Wiki mbili baadaye lilikuwa limesimama kizingitini, misumari yake ya shaba imeshika kutu ya ndimu, nami niko kando nikimweleza Mzungu aliyebambuka pua kwamba hili lilikuwa kasha la harusi la shangazi yake liwali. Liwali yupi, hakuna aliyeuliza hata siku moja. Walilipapasa kwa vidole viwili, wakatikisa vichwa, wakasema lo, lina historia. Ndiyo, historia ya mkojo wa paka.

Sisemi haya kwa kujitia toba. Nilikuwa stadi wa kazi ile na nilijua. Kiingereza nilikipata shuleni, nikakinoa kwa watalii, na mjomba akiwaambia watu kwamba mdomo wangu ndio duka, hayo makasha ni mapambo tu. Nilimdharau mjomba kwa chai yake, nikawadharau watalii kwa kuamini, na Ijumaa nikitoka msikitini nikijidharau na mimi kidogo. Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeshasahau.

Mjomba alikuwa pia mwenyekiti wa chama cha taarabu cha mtaa. Chama! Wanaume tisa, kodiani moja iliyokuwa ikikohoa, dumbaki mbili, tari dogo liitwalo rika, udi uliopungukiwa na uzi, na mihuri mitatu. Sijui chama kingine chenye wapigaji tisa na mihuri mitatu. Mjomba mwenyewe hakupiga chombo chochote. Alikaa mbele, kanzu imepigwa pasi hadi yasimama peke yake, akafumba macho muziki ukipigwa, na kuyafumbua pale tu alipohisi yuatazamwa.

Aliyekuwa akipiga kweli alikuwa mmoja, naye ni maalim wangu wa fidla. Hakuwa mtu wa Mji wa Kale. Alizaliwa upande wa Kwale, akaja mjini kijana, akafanya ukuli Kilindini miaka thelathini, mwisho akiendesha winchi. Alipostaafu alikaa kwa bintiye, gorofani Tudor, na kila alasiri akija kwetu na fidla yake ndani ya mfuko wa unga wa ngano uliofuliwa hadi maandishi yamefutika. Wanachama wenzake, watoto wa majumba yenye milango ya nakshi na mapaa yanayovuja, walimwita "mzee wetu" akiwa mbele yao, na "yule kuli" akishuka ngazi. Lakini harusi ikitangazwa hakuna aliyethubutu kwenda bila yeye.

Usidhani alikuwa mzee mpole wa kubembeleza watu. Alikuwa na ulimi. Miaka mingi nilisoma kwake, na sikumbuki kusifiwa. Nikikosea alikuwa akinitazama kama mtu aliyekuta nywele ndani ya mchuzi.

"Wewe wapiga fidla kama wauza kasha," alikuwa akinambia. "Hapa hapana mtalii. Rudia."

Sauti iliyompa jina ilikuwa moja, nasi tukiiita ya mlangoni. Haikuwa na maneno. Mwendo wake wahesabika sita, tatu na tatu, sawasawa na chakacha, kwa hivyo dumbaki ziliipokea kama ndugu. Wanawake hawakukubali bibi harusi atolewe bila hiyo. Sisi nje ya pazia, wao ndani, maalim akapiga kipande cha kwanza mara mbili, cha pili mara mbili, kisha ghafla akainua upinde. Dumbaki zikaendelea, fidla kimya. Kimya hicho kilikuwa na urefu wake kamili, hakizidi hakipungui, na wanawake walikijaza vigelegele hadi pazia likacheza. Halafu maalim akarudi kipande cha kwanza. Mji mzima ulikisifu kimya kile. Mjomba, macho yamefumbwa, alikuwa akisema hapo ndipo penye siri ya wahenga.

Siri ya wahenga, ebo! Mwaka wangu wa kwanza tu maalim alinieleza, tumekaa barazani, mahamri mkononi, kwamba pale hapakuwa na siri yoyote. Pale palikuwa mahali pa kipande cha tatu, naye kipande cha tatu hakijui.

Hadithi yenyewe ni fupi. Zamani, yeye bado kijana, meli moja ilikwama gatini Kilindini ikingoja kipuri cha mtambo kutoka Ulaya. Fundi mmoja wa mitambo, baharia wa Ayalandi mwenye nywele rangi ya kutu, kila saa ya chakula cha mchana alikuwa akikaa juu ya kifuniko cha ngama, lile shimo la shehena, akipiga fidla. Makuli wengine walikula, maalim akasikiliza. Siku ya nne yule fundi akamtilia upinde mkononi. Akamwambia kwamba sauti ile kwao huitwa jigi, ni ya ngoma, naye ameipokea kwa babu yake mzaa mama. Kijijini kwa huyo babu nyumba zilikuwa na sakafu ya udongo, kwa hivyo siku ya ngoma watu walibandua mlango, wakaulaza chini, na mchezaji akacheza juu yake ili viatu vilie. Kipande cha kwanza humpandisha mtu mlangoni, cha pili humchezesha, cha tatu humteremsha. Kipande cha kwanza kilimchukua maalim siku tatu, cha pili siku mbili. Cha tatu, fundi akasema, kesho. Kesho yake kipuri kilikuwa kimefika kwa ndege, na gati tupu.

"Basi mimi ni juu ya mlango tangu siku hiyo," maalim akanambia. "Sijateremka."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba miaka yote iliyobaki Kilindini aliuliza meli kwa meli, kila alipomuona baharia wa nti hiyo, na wengine walimpigia miluzi ya jigi nyingine, na wengine walimuona mwendawazimu. Hakuna aliyekuwa na kipande chake. Ndiyo sababu kila akifika mahali pake huinua upinde na kuungoja urefu wake upite. Hakutaka kuweka kitu kingine pale. Alikuwa amekiwekea nafasi, kama mtu anavyomwekea mwenziwe nafasi kwenye mkeka.

Alikuwa na sharti moja kwa yeyote atakayejifunza sauti ile kwake. Kabla hujaipiga useme umeipokea kwa nani, na huyo kaipokea kwa nani, kama mwanachuoni anavyotaja kitabu amekisoma kwa nani. Nami nilisema kila siku, "Nimeipokea kwa maalim wangu, naye aliipokea kwa baharia wa Ayalandi," huku nimeyapindua macho juu. Nilimuona mshamba. Nilidhani, kama wenzangu, kwamba lau angekuwa mtoto wa mji angelijua kwamba mtu mwenye akili akiokota kitu kizuri husema ni cha babu yake. Wanachama walikuwa wameisikia hadithi ya baharia mara elfu, na mara elfu wakaamua hawajaisikia.

Katikati ya miaka ya tisini ikaja barua kwa mwenyekiti. Mwanamke mmoja, mwalimu wa chuo kikuu Ulaya, alikuwa akizunguka pwani kukusanya sauti za harusi na kuandika asili yake. Mjomba aliisoma barua hiyo barazani, akaisoma msikitini baada ya sala, akaisoma kwa kinyozi. Kisha akachemsha chai. Sebule ya juu aliitundika mabirika ya shaba ya dukani, yale yale niliyoyasugua ndimu mwezi uliopita. Wanachama aliwavisha vizibao vya rangi moja vya kuazima, ambavyo watatu wao havikuwafunga tumboni. Akaifikia fidla ya maalim, akaishika shingo, akaigeuza, akasema hii yang'ara sana, haionyeshi umri, tuipake kidogo tu.

"Ukiipaka chai fidla yangu," maalim akasema, "nami nitakupaka wewe, tena ya moto."

Mjomba akacheka kwa meno ya mbele. Lakini alinivuta kando, ngazini, akanishika bega. Alinambia kwamba mimi ndiye nitakayekuwa mkalimani, na kwamba ameilisha familia yetu kwa jasho, na kwamba sasa mji wote uko mdomoni mwangu.

"Yule mzee atasema maneno yake ya meli," akanambia. "Wamjua. Sasa wewe tafsiri kama mtu mzima. Mtu hatoki Ulaya hadi huku kuja kuambiwa kwamba sauti yetu tulipewa na Mzungu mwenziwe, tena kupitia kwa kuli. Tutaweka wapi nyuso zetu?"

Ningependa kusema kwamba nilisitasita. Sikusitasita hata kidogo. Niliona mjomba kwa mara ya kwanza amesema kweli, na nikaona pia nafasi ya kuuonyesha mdomo wangu mbele ya mtu aliyesoma, badala ya hawa wa pua zilizobambuka.

Mgeni akaja saa nne asubuhi. Mwanamke wa makamo, mnene kidogo, amejitanda leso juu na chini, na ana adabu ya kuudhi. Alivua viatu hata mahali tusipovua. Aliomba ruhusa kukaa, akaomba ruhusa kutoa kalamu, nadhani angeliweza angeomba ruhusa kupumua. Tulimuuliza hali, tukamuuliza habari za nyumbani, za wazazi, za safari, za joto. Nyumbani ni wapi hatukumuuliza, kwa sababu kwetu mgeni hahojiwi kabla hajala. Mimi nilishamuweka kwenye fungu la Waingereza, na sikuona haja ya kujua zaidi.

Wakapiga sauti tatu nne, yeye akiandika. Kisha maalim akaanza ya mlangoni.

Kipande cha kwanza hakijamalizika, kalamu yake ilisimama. Kipande cha pili mguu wake ulianza kupiga sakafu, si kama watalii wanaopapasa mdundo kama vipofu, bali pale pale panapostahili. Maalim aliuona mguu ule. Akainua upinde, kimya kikapita, akarudi mwanzo, na macho yake hayakutoka kwenye mguu wa yule mwanamke. Alipomaliza, mgeni akaniuliza, kwa sauti ndogo, mzee huyu ameipata wapi.

Nikamgeukia maalim nikamtafsiria swali. Akakaa wima, mgeni ameinamia karatasi zake akimalizia kuiandika sauti ile. Akaeleza yote, kituo kwa kituo, kama alivyonieleza mimi: meli, kipuri, kifuniko cha ngama, yule fundi na babu yake, mlango uliolazwa chini, siku tatu, siku mbili, na kesho isiyofika. Mwishoni akasema, "Mwambie natafuta kipande cha tatu. Mwambie kama yuwajua mtu wa nti hiyo, amuulize. Mwambie hivyo hivyo nilivyosema."

Mjomba alikuwa amefumba macho. Alifumbua moja.

Nikamgeukia mgeni nikapiga chuku ambayo sijawahi kuipiga dukani. Nikasema mzee aeleza kwamba sauti hii ni ya mababu wa mji huu, ina umri wa miaka mia mbili, na ilitungwa kwa ajili ya bibi harusi wa kwanza kutolewa kupitia mlango wa nakshi. Kipande cha kwanza, nikasema, ni cha kumkaribisha, cha pili ni cha kumsifu, na kile kimya ni heshima kwa mama zetu waliotangulia, ambao huachiwa nafasi wapige vigelegele vyao kutoka waliko. Wallahi niliona raha. Maneno yalitoka yenyewe, moja likimshika mkono mwenziwe. Yule mwanamke akaandika kila neno, macho yamemlowa.

Halafu akaiweka kalamu chini, akacheka cheko la mtu anayejionea haya. Akasema ni ajabu sana. Akasema yeye ni mtu wa Ayalandi, wa magharibi, na bibi yake alikuwa akipiga fidla, na alikuwa na sauti moja inayofanana na hii hadi nywele zimemsimama. Ila ya bibi yake ilikuwa na vipande vitatu.

Chini ya dirisha muuza kahawa alikuwa akipita akigonganisha vikombe vyake, na sote tukawa twamsikiliza.

"Asemani?" mjomba akauliza.

"Asema sauti ni nzuri sana," nikasema. "Ashukuru."

Mgeni akanyoosha mikono miwili kuelekea fidla ya maalim, viganja juu, kwa ile adabu yake. Akaniuliza kama mzee ataridhia aishike kidogo tu, ampigie ile ya bibi yake yote, hadi mwisho, ili asikie jinsi zinavyofanana.

Ningeweza kusema ndiyo. Wengine hufikiri mtu hufanya ubaya kwa kuukusudia muda mrefu. Mimi nilikuwa na muda wa kumeza mate mara moja tu. Akipiga, watasikia wote kwamba ni sauti ile ile. Ataelewa nimemdanganya. Mjomba atanitazama. Nami, mwenye mdomo wa thamani kuliko duka, nitaonekana muongo mbele ya mtu wa chuo kikuu. Nikamwambia, kwa huzuni ya bandia niliyoizoea kazini, kwamba kwa bahati mbaya mila yetu hairuhusu mgeni kupiga fidla ya mzee.

Hakuna mila hiyo. Haijawahi kuwapo. Yule mwanamke akairudisha mikono yake haraka kama aliyeungua, akaniomba radhi mimi, akamuomba radhi maalim, akaomba radhi hata kwa mabirika. Maalim alinitazama, kisha akaitazama mikono ile ilivyorudi mapajani. Mjomba akapiga kofi akasema karibuni chakula, na biriani ikaingia.

Maalim alikula matonge mawili. Alinawa, akatia fidla mfukoni, akamuaga mgeni kwa mkono kifuani. Aliponipita ngazini alisema, "Leo umeuza vizuri." Nilidhani ni ile dharau yake ya kila siku.

Niliendelea kwenda kwake kusoma. Kitu kimoja tu kilibadilika, nami nilikiona na sikukifikiria. Hakunidai tena niseme nimeipokea kwa nani. Nikitaka kuipiga ya mlangoni alinyamaza, akatazama barabarani, akaniacha nipige. Nikajiambia mzee amelainika. Mtu mwenye kujiona hodari haoni hata kile kinachomkanyaga.

Karibu mwaka ukapita, ikaja bahasha. Ndani mlikuwa na jarida la chuo, na ndani ya jarida kurasa nne juu ya sauti ya mlangoni. Mjomba hakujua hata mstari mmoja umeandikwa nini, lakini aliona jina la mji na picha yake amefumba macho, na siku hiyo hiyo nakala ya ukurasa wa kwanza ilikuwa ndani ya fremu ukutani dukani. Ijumaa akawaita wanachama wote sebuleni juu. Mimi nikasimama katikati, jarida mkononi, niwasomee na kuwatafsiria.

Nikasoma. Miaka mia mbili. Bibi harusi wa kwanza. Kile kimya alikuwa amekiandikia ukurasa mzima, na jinsi kinavyowakumbuka mama waliotangulia, na jinsi katika safari zake zote hajaona tendo la heshima kama hilo katika muziki. Wanachama walitikisa vichwa. Mpiga udi, ambaye miaka yote alikuwa akichukua nafasi ile kujikuna mgongo, alisema kweli kabisa, ndivyo alivyokuwa akihisi. Nilitaka kuangua kicheko. Uongo wangu ulikuwa umekwenda Ulaya ukarudi umevaa koti, na watu walioniona nikiuzaa wakausimamia.

Mwisho wa ukurasa wa nne kulikuwa na mistari mitano midogo. Niliiona, nikazikunja kurasa, nikasema, "Ndiyo mwisho. Ashukuru chama, aombea watu wote heri."

"Lete," maalim akasema.

Alikuwa amekaa mwisho, karibu na dirisha. Nikampelekea. Akatoa miwani mfukoni mwa shati, akaipangusa kwa ncha ya kikoi, akalifungua jarida. Mpiga kodiani akamkonyeza mwenziwe, maana kuli kushika jarida la chuo kikuu kulimchekesha. Mimi mwenyewe niliangalia kama amelishika juu chini.

Akasoma kwa sauti, kwa Kiingereza. Kiingereza cha bandarini, kizito, kilichonyooka, hakuna neno lililomkwama. Nilijua kwamba mtu huyu aliwauliza mabaharia meli kwa meli miaka na miaka. Nilijua baharia mmoja alimhadithia mambo ya babu yake na mlango. Kwa lugha gani? Sikuwahi kujiuliza. Nilikuwa nimeamua kwamba mtu wa winchi hana lugha, na yeye hakuona sababu ya kunionyesha.

Alipomaliza akaivua miwani, akawatafsiria wenzake kwa Kimvita, taratibu, bila kuongeza neno. Mgeni aliandika kwamba kwao Ayalandi bibi yake alikuwa na sauti inayofanana sana na hii, yenye vipande vitatu. Aliandika kwamba alitamani kuipiga yote mbele ya mzee, lakini mkalimani alimweleza kwamba mila ya Mombasa hairuhusu mgeni kupiga fidla ya mzee, naye akaiheshimu mila hiyo.

Kimya. Nacho si kile cha wahenga.

"Bwana Mwenyekiti," maalim akasema, "hini mila ni ya nani?"

Mjomba aliitazama dari. Wanachama wakatazama mkeka.

Nikasema, "Maalim, kumbe ulisikia. Mbona hukusema siku ile?"

"Siku ile palikuwa na mgeni," akanijibu. "Ulikuwa umeshasema, na mgeni amekuamini. Wataka nikuvue nguo mbele ya mtu aliyekuya kwetu kula? Mimi sikufunzwa hivyo. Leo hapana mgeni."

Aibu niliyoihisi sikuwahi kuihisi kabla wala baadaye. Nilikuwa nimemdharau mtu huyu miaka minne kwa kutojua namna ya mji, na katika chumba kile siku ile yeye peke yake ndiye aliyeifuata, na kwa kuifuata akakikosa kitu alichokitafuta umri mzima, kikiwa hatua mbili mbele yake, kwenye mikono miwili iliyonyooshwa.

Akaitoa fidla mfukoni. Hakuna aliyegusa dumbaki. Akapiga kipande cha kwanza mara mbili, cha pili mara mbili, akainua upinde. Tulisikia jirani akimwaga maji uani, na kimya kikaenda urefu wake wote, hakikuzidi hakikupungua. Hakurudi mwanzo. Aliugeuza upinde, akanishikisha.

"Haya," akasema. "Wewe ndiwe uliyekizuia. Nipe."

Nikasimama na upinde mkononi hadi aliponyoosha mkono akauchukua mwenyewe, akafunga mfuko wake, akashuka.

Niliandika barua tatu kwa anwani iliyokuwa kwenye jarida. Nilieleza kweli yote, kwa Kiingereza kisicho na mapambo. Moja ilirudi na muhuri kwamba mhusika amehama. Nyingine mbili sijui zilikoishia. Maalim nilimwambia kila nilipozipeleka posta, naye alisema "haya" tu. Hakunifukuza. Aliendelea kunifunza na kunitukana kama zamani, na miaka ya tisini ilikuwa haijaisha alipofariki, kule Tudor, na fidla yake bintiye akanikabidhi ndani ya mfuko ule ule wa unga.

Fremu bado iko dukani kwa mjomba. Vijana wa siku hizi wanaipiga ya mlangoni kwa kodiani ya umeme, na kile kimya wanakipima kwa saa, kwa sababu wameambiwa kimeandikwa kitabuni. Mimi pia huitwa harusini. Nami sianzi kupiga kabla sijasimama mbele ya pazia nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi ndani, nimeipokea kwa maalim wangu, naye aliipokea kwa baharia wa Ayalandi, na kipande cha tatu kililetwa hadi sebuleni kwetu, nami nikakirudisha. Wanawake hunipigia vigelegele. Wanadhani hiyo nayo ni asili.